Jinsi ya Kutabiri Bei ya Corvette Usiyoweza Kuinunua

Kazi hii haina mtaji. Huhitaji gari, huhitaji leseni, na Detroit unaweza usiijue hata kwenye ramani. Unahitaji sauti isiyotetemeka, namba inayoishia na 995, na watu watatu walio tayari kukusikiliza kabla kahawa haijapoa.

Magari ya spoti ya Marekani ndiyo shamba bora la mtabiri. Bei ya Ferrari haina ubishi: anayeiuliza si mnunuzi. Bei ya Corolla iliyotumika kila dalali anaijua mpaka senti ya mwisho. Corvette, Mustang, Camaro na Challenger zimekaa pazuri hapo katikati. Ni ghali kiasi cha kutamanika, lakini si ghali kiasi cha kumkatisha mtu tamaa, na kila anayekusikiliza anaamini moyoni kwamba angeimudu moja laiti bosi wake angekuwa na macho. Mtu wa namna hiyo anapenda sana kuambiwa bei. Basi mwambie.

Hatua ya kwanza: tabiri jambo, usitabiri tarehe

Jifunze kwa waliotabiri injini ya Corvette. Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyeingia General Motors mwaka 1953, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akitaka injini hiyo itolewe mbele na kuwekwa nyuma ya kiti cha dereva. Mwaka 1960 alikuwa na gari la majaribio la namna hiyo, CERV I. Mwaka 1970 GM wakapeleka New York gari la maonyesho, XP-882, injini iko nyuma ya kiti. Wataalamu wakaapa kwamba Corvette ijayo ndiyo hii. Haikuwa. Miaka hiyohiyo ya sabini ikaja Aerovette, wakaapa upya. Haikuwa. Corvette ya kuuzwa yenye injini nyuma ya dereva ilizinduliwa tarehe 18 Julai 2019 huko Tustin, California. Duntov alikuwa ameshafariki tangu 1996.

Aliyetabiri mwaka 1970 alikosea kwa miaka 49. Unadhani aliona haya? Julai ile alisimama mbele ya wajukuu na kusema, "Si niliwaambia?" Na kweli aliwaambia. Wewe nawe sema "inakuja" na ufunge mdomo. Ukibanwa sana useme lini, jibu "kizazi kijacho," kwa sababu vizazi vya Corvette havina ratiba inayoeleweka: kuna kimoja kilichokaa sokoni tangu 1968 hadi 1982. Halafu hakuna Corvette ya modeli ya 1983 iliyouzwa kabisa. Zilitengenezwa chache za majaribio, ikabaki moja tu, nayo iko kwenye makumbusho ya Bowling Green, Kentucky. Kampuni yenyewe ikiweza kupotea mwaka mzima, wewe ni nani usipotee miezi kadhaa?

Hatua ya pili: chagua namba yenye makucha

Usiseme "dola laki moja". Laki moja ni namba ya mtu anayekisia. Sema "dola 104,995" na watu watadhani umeiona karatasi. Mkia huo wa 995 una historia ndefu: Corvette ZR-1 ya 1990 ilikuwa 58,995, ile ya Julai 2019 ilianzia 59,995, na ZR1 ya sasa, yenye nguvu za farasi 1,064, ilitangazwa kwa 174,995. Dodge tu ndio waliamua kutania. Challenger Demon 170 ya 2023 ilianzia 96,666, kwa heshima ya jina lake la kishetani.

Ukishapata mkia, tafuta kichwa, na kichwa daima kiwe kikubwa kuliko unavyoamini. Anayetabiri juu hawezi kuumbuka. Itazame ile Corvette ya Julai 2019, iitwayo C8. Wengi walitarajia kwamba kuhamisha injini kungepaisha bei mbali sana. GM wakasema haitafika 60,000, na ikaanzia dola tano chini ya hapo. Mtabiri asiye na mafunzo angejificha chooni. Wewe unatabasamu na kusema, "Hiyo ni chambo. Ngojeni." Kisha unangoja. Miaka mitano baadaye Corvette ya chini kabisa ilikuwa inakaribia 70,000, na unarudi kijiweni ukiwa na haki zako zote.

Tena kumbuka jinsi binadamu alivyoumbwa. Ukitabiri juu na bei ikatoka chini, watu hufurahi, na mtu mwenye furaha hakumbuki nani alimdanganya.

Hatua ya tatu: chora ngazi

Hapa ndipo utakapojitenga na wapiga porojo wa kawaida. Mpiga porojo hutaja bei tu, lakini mtaalamu hutaja bei pamoja na mahali gari litakapokaa sokoni. Chukua kalamu, chora ngazi juu ya gazeti la mtu mwingine. Ngazi ya Corvette kufikia 2025 ilikuwa hivi: chini kabisa Stingray, juu yake E-Ray yenye msaada wa umeme na Z06, zote mbili zikiwa zimeingia sokoni juu kidogo ya 100,000, halafu ZR1, halafu ZR1X ya farasi 1,250 iliyoanzia 207,395.

Sasa tafuta pengo. Kati ya Stingray na wenzake wa laki moja kuna nafasi ya mtu mzima kulala. Iguse kwa ncha ya kalamu, nyamaza kidogo, kisha useme: "Hapa watatia kitu." Usieleze ni kitu gani mpaka uombwe. Ukiombwa, sema Grand Sport. Jina hilo lilianza 1963 kwenye magari matano ya mashindano, likarudi 1996, likarudi tena 2010. Jina lenye tabia ya kurudi ni mali ya mtabiri, na wala hulilipii kodi.

Majina, hata hivyo, yana hatari zake. Kwa miaka mingi watabiri waliapa kwamba Corvette ya juu kabisa itaitwa Zora, kwa heshima ya yule mhandisi. Juni 2025 gari likaja, likaitwa ZR1X. Wengi walikwama hapo, na walikwama bure. Jibu lilikuwa wazi: "Sisi wa ndani tunaiita Zora." Nani atakwenda Michigan kuuliza?

Hatua ya nne: beba mfumuko wa bei mfukoni

Kila kijiwe kina mzee mmoja anayekumbuka bei za zamani, na ndiye adui yako mkubwa. Atasema Mustang ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, ilianzia dola 2,368. Ni kweli. Usibishane naye. Mwamkie kwanza, "Shikamoo mzee," kisha umwage hesabu.

Dola 2,368 za mwaka ule ni kama 24,000 za leo, na Mustang ya bei nafuu siku hizi imevuka 30,000. Kwa hiyo imepanda? Ukitaka imepanda, ishia hapo. Ukitaka haijapanda, endelea: ile ya 1964 ilikuwa Ford Falcon ya kawaida iliyoshonewa suti mpya, haina hata mkanda wa bega. Corvette ya kwanza nayo, ya 1953, iliuzwa karibu dola 3,500, ambazo leo ni kama 41,000, na ilikuwa na silinda sita na gia mbili. Zilitengenezwa 300 tu, zote nyeupe, ndani nyekundu. Kwa hesabu hii unaweza kuthibitisha kwamba magari yamekuwa ghali na pia kwamba yamekuwa rahisi, na hekima iko katika kutofanya yote mawili mbele ya watu walewale.

Mzee akikukazia bado, mtajie Mustang GTD. Hiyo ina jina lilelile na farasi yuleyule kwenye pua, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 300,000 hivi. Mzee atahitaji muda kuimeza. Tumia muda huo kuhama meza.

Hatua ya tano: jifiche nyuma ya cha juu

Ndugu yangu, hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na nakuomba uisome taratibu.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1958, iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, inataka kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi yenye bei inayopendekezwa na kiwanda. Shika neno hilo "inayopendekezwa". Kiwanda kinapendekeza tu. Anayeuza ni wakala, naye ni mfanyabiashara anayejitegemea, na sheria za majimbo mengi zinamlinda hata kiwanda kisiuze moja kwa moja juu ya kichwa chake. Gari likigombaniwa, wakala hubandika karatasi ya pili pembeni ya ile ya Seneta. Wao wana jina la heshima kwa karatasi hiyo, eti marekebisho ya soko. Sisi tunakijua kwa jina lake halisi: ni cha juu.

Mwaka 1990 Corvette ZR-1 ilikuja na injini iliyosanifiwa kwa msaada wa Lotus wa Uingereza na kuundwa Stillwater, Oklahoma, na Mercury Marine, watu wa injini za boti. Karatasi ilisema 58,995. Kulikuwa na wanunuzi waliolipa karibu na laki moja kwa ajili ya kuwa wa kwanza mtaani. Haikuchukua miaka mingi zikawa zimesimama kwa mawakala zikingoja mtu wa kuzionea huruma, na waliokuwa wa kwanza mtaani wakawa wa kwanza kununa.

Umeliona tundu? Ukitabiri 60,000 uko sahihi kwa mujibu wa kioo. Ukitabiri 90,000 uko sahihi kwa mujibu wa wakala mmoja mwenye tamaa. Ukitabiri 45,000 subiri iwe imetumika. Hakuna namba, hata ile uliyoitoa usingizini, ambayo haitakuwa bei ya kweli ya gari hilo mahali fulani siku fulani. Kwa hiyo ukiambiwa umekosea, uliza kwa upole: "Bei ya wapi?"

Ford waliwahi kujaribu kuufunga mlango huu. GT ya 2017, ya dola 450,000 hivi, ilibidi uombe kwa fomu kama mwombaji wa kazi, na ukikubaliwa unaahidi kutoiuza kwa miaka miwili. Mwanamieleka John Cena akaiuza mapema, Ford wakamfikisha mahakamani mwaka huohuo, wakapatana 2018. Tukio hilo litaje tu ukitaka kubadilisha mada. Halikosi kubadilisha.

Hatua ya sita: kumbuka kwamba wenye kiwanda nao wanabahatisha

Siku ukikosa kujiamini, fikiria Viper. Dodge waliirudisha kwa modeli ya 2013 ikikaribia dola 100,000. Wanunuzi wakaitazama, wakaisifu, wakaondoka. Mwaka 2014 kiwanda chake cha Conner Avenue, Detroit, kikasimamishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu magari yalikuwa yamejaa. Septemba ya mwaka huohuo bei ikakatwa dola 15,000 kwa mpigo, ikawa 84,995. Mwaka 2017 ikazikwa. Wale walikuwa watu wenye shahada, tafiti za soko na meza ndefu za mikutano, na walikosa kwa dola 15,000. Wewe una kikombe cha kahawa tu.

Au fikiria Cadillac Allanté, iliyouzwa kutoka modeli ya 1987 hadi 1993. GM walitaka gari la viti viwili la kukaa meza moja na Mercedes, kwa hiyo wakaamua bodi zitengenezwe na Pininfarina karibu na Turin, Italia, zisafirishwe kwa Boeing 747 mpaka Detroit, ndipo zifungwe injini. Gari lilivuka bahari kwa ndege kabla halijawahi kuona barabara. Bei ilizidi 54,000, wakati Corvette ilikuwa nusu yake na ikiliacha kwa mbali. Mtu akikuambia kwamba bei fulani haiwezi kuwa ya kipuuzi kiasi hicho, mtajie kwanza nauli ya ile ndege.

Hatua ya saba: shauri watu kuhusu uwekezaji

Mapema au baadaye mtu atakuuliza: "Ninunue niiweke, itapanda?" Jibu ndiyo. Kila gari hupanda ukingoja vya kutosha, na fedha anayoweka si yako.

Lakini kwa faida yako mwenyewe, jua mkasa wa 1978. Corvette ilichaguliwa kuongoza magari kwenye mashindano ya Indianapolis 500, na Chevrolet wakatoa nakala 6,502 za gari hilo, nyeusi kwa fedha, bei dola 13,653. Uvumi ukaenea kwamba hiyo ni dhahabu yenye magurudumu. Watu wakalipa hadi mara mbili ya bei na zaidi, wakaziingiza gereji na plastiki za kiwandani juu ya viti, wakafunga milango. Tatizo ni kwamba walifunga milango wote. Miongo mingi baadaye bado zinajitokeza zikiwa na kilomita chache kuliko baiskeli ya posta, na mwenye nayo hushangaa kwa nini hakuna anayeshangaa.

Upande wa pili kuna Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa. Zilitengenezwa 11, si kwa mkakati wowote, ila kwa sababu injini ya Hemi ilikuwa ghali, bima ilikuwa ghali zaidi, na wenye akili zao walipita kando. Mwaka 2014 moja iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Hata Ford hawakujua walichonacho: Mustang yenye namba moja iliuzwa kwa makosa kwa rubani wa Newfoundland, Kanada, na ili kuirudisha ilibidi wampe Mustang ya milioni moja kutengenezwa.

Kwa hiyo ukitaka kutabiri itakayopanda, tafuta inayodharauliwa leo. Ukitaka kupendwa, taja inayosifiwa. Mtabiri mwenye watoto wa kusomesha hutaja inayosifiwa.

Hatua ya nane: pendelea magari yasiyokuwepo

Gari lililopo lina karatasi kiooni, na karatasi huumbua. Gari lisilokuwepo halina adabu hiyo mbaya. Novemba 2017 Tesla walionyesha Roadster mpya: dola 200,000, amana 50,000, kufika 2020. Mwaka 2020 ulipita, na 2021, na iliyofuata mpaka 2025, na bei ya gari lile haijawahi kukosewa na mtu yeyote. Hata mimi nikiitabiri kesho nitakuwa sahihi kwa miaka kadhaa.

Magari yaliyokufa nayo ni mazuri. Camaro ilikufa 2002, ikafufuka 2009, ikafa tena Desemba 2023. Challenger ilikoma 1974, ikarudi 2008, ikafuata Camaro kaburini mwezi uleule. Sema zitarudi. Hakuna siku ambayo utathibitishwa kuwa mwongo, kwa sababu siku hiyo ingebidi iwe ya mwisho wa dunia, na utakuwa na mambo mengine ya kujibu.

Hatua ya mwisho: jiandae kwa swali la yule kijana wa gereji

Atatokea. Ana grisi mpaka kwenye kiwiko, amekusikiliza kimya tangu mwanzo, na atauliza mbele ya watu wote: "Sasa bro, wewe unaendesha nini?"

Usitaje bodaboda. Mjibu kwa utulivu kwamba unangoja usukani wa kulia. Ni jibu zuri kwa sababu lina ukweli ndani yake: Mustang ilianza kutengenezwa kiwandani na usukani wa kulia katika kizazi kilichoanza na modeli ya 2015, na Corvette haikuwa nao mpaka C8, iliyoanza kufikishwa kwa wanunuzi wa Japani ikiwa hivyo mwaka 2021. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo ukikaa Nairobi, mpigie hesabu kijana huyo kwa vidole: 2028 zile za kwanza za Japani zitakuwa na miaka saba, bado zinaruhusiwa, bei imeshuka vya kutosha. Ndiyo unayoingoja. Akikuuliza itafika Mombasa kwa bei gani pamoja na ushuru, vuta pumzi, tazama juu kidogo, na umpe namba inayoishia na 995.